Mstari wa Kwenda Bondeni

1

Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba sikuomba kuwa mjumbe wa Kamati ya Nyaya. Niliteuliwa kwa adhabu.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, tena la kitaalamu. Siku ya ukaguzi, viranja wa Bweni la Ngosi wakiwa wameketi vitandani mwao wamenyooka kama wanapigwa picha ya pasipoti, nilichomeka kibanio cha nywele kwenye plagi iliyo nyuma ya mlango nikausadikisha mtandao wa shule kwamba hewa nzito imeingia. Vitanda vikapanda. Ndiyo kazi yake. Pua ya ukutani ikinusa hewa nzito kwenye usawa wa magoti, kila kitanda hukwea nguzo zake nne hadi karibu na dari, feni huanza kusukuma, na aliyelala chini huamkia juu, akiwa hai. Siku hiyo vilipanda na viranja, mgeni mmoja kutoka wilayani, na sinia la chai.

"Subilaga Mwakyoma," Madam Mkuu aliniambia ofisini, "umetumia nini?"

"Kibanio, Madam."

"Kilete."

Nikakitoa nyweleni. Alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Madam Mwaipaja ni mwanamke mpana, mwenye sauti inayofika mahali kabla yake, na hapendi kushangaa mbele ya wanafunzi.

"Kwa hiyo shule nzima inazidiwa na kibanio cha nywele."

"Si chote, Madam. Ncha tu."

Nilitegemea deki ya vyoo hadi likizo. Badala yake alikiweka kibanio mezani taratibu. "Nyaya na plagi mpya zimefika. Mwalimu Ndimbwa atachagua za kufunga. Wewe kazi yako ni kuharibu kila atakachochagua. Kitakachokushinda, ndicho tutakachofunga."

Sijawahi kupewa adhabu iliyonielewa namna ile.

2

Kwa asiyeijua Masukwe: shule yetu iko kwenye mteremko wa Rungwe, mahali ambapo mvua hainyeshi, inaishi. Tangu mlima uanze kupumua, enzi za ujana wa bibi zetu, hewa nzito hutoka ardhini pasipo kumtaarifu mtu. Haina rangi wala harufu, na haina haraka. Huteremka kama maji na kujaza kwanza sehemu za chini. Kuku hufa kabla ya mbuzi, na mbuzi kabla ya watu warefu. Wengine walihama. Sisi tulibaki, kwa sababu mlima huohuo hutupa umeme na maji ya moto, na kwa sababu viazi vya hapa havina mfano.

Kinachotulinda ni Mstari. Mafundi wanauita basi la CAN, ingawa halina dereva wala konda, na hilo ndilo jambo lenyewe la maana: hakuna mkubwa katikati. Ni nyaya mbili tu zinazopita bweni, bwalo na ofisi, na kila pua, kila feni na kila kitanda vimedandia humo. Kimoja kikisema, vyote vinasikia.

"Mstari uliopo umeoza," alisema Mwalimu Ndimbwa siku ya kwanza kwenye karakana. Ni mwembamba, hufundisha fizikia, na hunyoa ndevu upande mmoja vizuri kuliko mwingine. "Kutu imeingia kwenye kila kiungo. Tuna kebo za aina tatu na plagi za aina tatu. Subilaga, shambulia."

Msimamizi wangu alikuwa Lutengano, kiranja wa bweni letu, mmoja wa wale waliopanda na chai. Alikuwa bado hajanisamehe sketi yake iliyomwagikiwa chai hiyo.

"Ukiiba hata skrubu moja nitakuona," aliniambia.

"Kiranja, mimi ni mjumbe wa kamati."

"Wewe ni mfungwa mwenye koleo."

Tulianza na kebo. Ya kwanza ilikuwa bapa, nyaya zake zimelala sambamba kama wanandoa waliogombana. Mwalimu alituambia tuiweke kando ya mota ya feni, kisha tutume ujumbe. Feni ilipowaka, ujumbe ukafika vipandevipande. Kebo ya pili ilikuwa na nyaya mbili zilizosokotwa kama msuko. Feni ikawaka, ujumbe ukapita mzima.

"Kwa nini?" akauliza Mwalimu.

Lutengano akajibu bila kunyoosha mkono, jambo ambalo mimi lingeniletea adhabu. "Waya mmoja ukipanda volti, mwenzake anashuka. Mpokeaji anasoma tofauti kati yao. Kelele ya feni inazigonga zote mbili sawasawa, kwa sababu zimesokotana, kwa hiyo tofauti haibadiliki."

Ya tatu ilisokotwa vilevile, ila ilivikwa pia gamba la foili na ngozi nene ya mpira mweusi. Nikaitafuna. Ndiyo, kwa meno, maana panya wa Masukwe hawatumii koleo. Ilinishinda. Tukaandika: kebo ya tatu.

Plagi zilichukua siku zaidi. Ya skrubu niliilegeza kwa ncha ya kijiko nikiwa nimefumba macho. Ya kubonyeza niliichomoa kwa vidole viwili huku nikimwambia Lutengano habari za mwisho wa wiki. Ya tatu ilikuwa ya duara, ina mpira ndani unaozuia maji, na pete ya kuzungusha inayojifunga kwa mlio wa kuridhisha. Nilijaribu kibanio, sindano, ufunguo wa sanduku na mkanda wa gauni. Nikaomba kamba. Kidato cha Pili wakavuta upande mmoja na Kidato cha Tatu upande mwingine, kama mchezo wa siku ya michezo, na plagi katikati. Kidato cha Pili walianguka. Plagi haikuachia.

"Nakiri kushindwa," nikasema.

"Rudia kwa sauti," akasema Lutengano, "wengine hawakusikia."

3

Lilibaki jaribio la unyevu, na kitu chenye unyevu mbaya kuliko vyote shuleni ni uji. Tulikwenda jikoni kuomba ndoo ya uji wa jana.

"Wa kufanyia nini?" aliuliza Mama Ipyana, mpishi mkuu, mwiko begani kama bunduki. "Mlishindwa kuunywa, sasa mnataka kuuoga?"

"Shikamoo, Mama. Tunataka kuloweka plagi."

"Marahaba. Loweka, mwanangu. Ikiota, niletee mbegu."

Alitupa uji kwa sharti kwamba tumsaidie kubeba magunia ya maganda ya ndizi hadi kwake, kwa ajili ya nguruwe. Nyumba za wapishi na walinzi ziko Bondeni, chini ya uwanja wa mpira, mahali shule ilipopata ardhi tambarare kwa urahisi. Huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu Masukwe na sikuwa nimefika huko. Tulipofika, banda la nguruwe lilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na nguruwe.

"Alikufa jana," alisema Mama Ipyana. "Nimesahau. Wekeni tu hapo." Hakuwa amesahau. Nafikiri alitaka mtu mwingine alione lile banda.

Ndani ya nyumba, koroboi ilikuwa inawaka chini sakafuni mchana kweupe. Mama mkwe wake, Bibi Tupokigwe, alikuwa amekaa juu ya meza ya kulia chakula akimenya viazi, na wajukuu wawili wamekaa kando yake, miguu imekunjwa.

"Karibuni mezani," Bibi akasema, na akacheka kwa kufurahia mzaha wake.

"Koroboi ni ya nini, Bibi?" aliuliza Lutengano.

"Ikizimika, hewa imefika. Tunapanda hapa."

"Na hewa ikipanda zaidi?"

"Tunapanda kabatini."

"Na kabati likizama?"

"Hapo tutaomba vitanda kwenu huko juu." Akaendelea kumenya. "Shida ni usingizi. Koroboi ikizimika, haikuamshi."

Tulipanda mlima kurudi. Mimi nilikuwa nahema, kwa sababu nina pumu, na Lutengano akapunguza mwendo bila kunitazama, kama afanyavyo siku zote.

"Kebo ya tatu imebaki nyingi," nikasema tulipofika uwanjani.

"Najua unachofikiria."

"Basi tumwambie Mwalimu."

4

Mwalimu Ndimbwa hakusema haiwezekani. Walimu wa fizikia wana namna mbaya zaidi: husema, "Jaribu."

Tukaunga kipande kirefu cha kebo kwenye Mstari hapo nje ya bweni, kama tawi kwenye mti, tukakivuta hadi katikati ya uwanja na kufunga pua moja mwishoni. Kisha tukauwasha. Vitanda vya Bweni la Ngosi vikaanza kupanda na kushuka kila kimoja kwa wakati wake, kama wanakwaya wasiomtazama mwalimu wao. Feni zikawaka na kuzimika. Kengele ya chai ikalia mara tatu, na nusu ya Kidato cha Kwanza wakatoka darasani wakiwa na vikombe.

"Mwangwi," alisema Mwalimu, akizima. "Ujumbe unafika mwisho wa tawi, hauna pa kwenda, unarudi. Unakutana na ujumbe mwingine njiani na kuuharibu. Ndiyo maana Mstari ni mstari, si mti. Una ncha mbili, na kwenye kila ncha kuna rezista ya kuumeza ujumbe. Matawi lazima yawe mafupi, kama mkono wako."

"Basi tusiweke tawi," nikasema. "Mstari wenyewe uende Bondeni. Ncha yake iwe nyumbani kwa Mama Ipyana."

Mwalimu aliupima mteremko kwa macho. "Sawa. Ila ujue bei yake. Mstari ukiwa mfupi, watu wote wanaweza kuongea haraka. Ukirefuka, sauti inahitaji muda kufika mwisho na kurudi, kabla mwingine hajaanza. Kutoka hapa hadi Bondeni itabidi kila kituo kiongee polepole, robo ya kasi ya sasa. Huwezi kuwapa wa mbali mwendo wa pole na wa karibu mwendo wa haraka. Wote wako kwenye waya mmoja."

"Robo inatosha kupiga yowe la hewa?"

"Inatosha na kubaki. Yowe ni neno moja. Kinachojaza Mstari ni mikeka ya pumzi."

Hapo Lutengano akaweka koleo chini.

Mkeka wa pumzi uko chini ya kila godoro. Unasikiliza kifua cha aliyelala, kila pumzi, na kusimulia yote kwenye Mstari. Kwa wengi ni pambo la kuwafurahisha wazazi. Kwangu mimi, muhula uliopita, mkeka uliamsha bweni zima mara mbili nikiwa nimelala na kifua kimeanza kujifunga. Aliyekuwa wa kwanza kunifikia na dawa ya kuvuta, mara zote mbili, alikuwa Lutengano, maana kitanda chake kiko kando ya changu.

"Tukizima mikeka ya wasio na pumu," Mwalimu alisema, "tukabakiza ya wenye pumu, ambao ni ninyi watatu, mikeka yenu itasikia pumzi mbili katika kila tano, badala ya zote."

"Hiyo inatosha?" aliuliza Lutengano.

"Sijui. Sidhani kuna anayejua."

"Basi mimi nakataa," akasema Lutengano.

"Kifua ni changu," nikasema.

"Ni cha kwako na cha wenzako wawili. Umewauliza? Au wameteuliwa nao kwa adhabu?"



5

Niliwauliza. Serafina wa Kidato cha Nne alikuwa anafua. Alinisikiliza hadi mwisho, akakamua soksi, akasema, "Mimi huamka mwenyewe ikinibana. Wape watu wa Bondeni."

Wa pili alikuwa Atuganile wa Kidato cha Kwanza, ambaye alikuwa bado anaandika jina lake kamili kwenye kila kitu, hata kwenye kandambili. Nilimweleza kuhusu koroboi na Bibi aliye juu ya meza. Nilieleza vizuri sana. Nina kipaji hicho. Alisikiliza na kutazama kandambili zake.

"Dada Subilaga, mimi naogopa," alisema. "Nyumbani nilikuwa nalala na mama. Hapa nina mkeka tu."

Ningeweza kumgeuza. Naomba niseme hili bila utani: nilijua kabisa maneno ambayo yangemgeuza, na nilijua kwamba angekubali akilia. Nilimwambia asante, nikarudi karakana.

"Kama mkeka wangu ukizimwa kabisa," nilimuuliza Mwalimu, "na wa Serafina ukapunguzwa, Atuganile anaweza kusikilizwa pumzi zote?"

Alipiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. "Karibu zote. Pumzi nne katika tano."

"Na wangu ukisikia moja katika kumi?"

"Hiyo pia itaingia. Kwa kubana."

"Basi ndiyo hiyo."

Lutengano alikuwa mlangoni. Amezoea kusimama milangoni. Ni sehemu ya ukiranja. "Unajua wewe ni mpumbavu," alisema.

"Mimi nina dawa, nina kitanda kinachopanda, na nina wewe hatua mbili kutoka kwangu. Wao wana koroboi."

"Usinitaje kwenye hesabu zako."

"Nimekutaja kwa sababu ndiyo hesabu yenyewe."

Aliondoka. Jioni nikakuta ametumia kamba ya kuanikia nguo kufunga mguu wa kitanda chake na mguu wa changu, ili vipande pamoja, na hapakuwa hata na hatua moja kati ya vitanda hivyo. Alinitaka tu nitandike vizuri.

6

Madam Mkuu hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa kusimuliwa. Alitaka jaribio. Tukatandaza kebo ndefu kuzunguka uwanja, tukateremsha kasi ya Mstari hadi ile ya Bondeni, na Jumamosi mchana nikakimbia.

Nilikimbia hadi kifua kikaanza kupiga filimbi. Ndilo lilikuwa wazo langu, na bado naona lilikuwa zuri kisayansi. Kisha nikalala kitandani. Lutengano alisimama juu yangu, dawa mkononi. Mwalimu alikaa sakafuni mbele ya kioo cha kompyuta yake. Kazi ya mkeka ilikuwa kusikia na kupiga yowe.

Wakati huohuo, vipaza sauti vya shule vikafunguka, na Madam Mkuu, ambaye alikuwa amesahau au hakujali, akaanza tangazo la Jumamosi. Lilihusu vijiko. Vijiko vya bwalo vilikuwa vinapotea. Alieleza historia ya vijiko hivyo, waliovitoa, na jinsi walivyovitoa kwa moyo mmoja.

Mkeka ulinyamaza.

Nilihesabu pumzi zangu, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia. Nikamtazama Lutengano. Madam alikuwa amefika kwenye uma. Nikainua mkono, na Lutengano akanipa dawa bila kungoja sayansi. Nilivuta mara mbili. Kifua kikaanza kulegea, polepole, kama fundo lililolowa. Madam Mkuu akanyamaza ili ameze maji. Na hapo, kwenye mwanya huo, kitanda changu kikapiga yowe.

"Mkeka ulisikia zamani," alisema Mwalimu Ndimbwa, uso wake umepauka. "Ulikuwa unangoja zamu."

"Zamu gani?" aliuliza Lutengano.

"Kila kituo kina namba. Viwili vikianza kuongea pamoja, chenye namba ndogo kinapita, kingine kinangoja. Nani alizipanga namba hizi?"

Ilijulikana baada ya muda mfupi, kwa sababu Madam Mkuu mwenyewe aliingia bwenini, kipaza sauti chake kidogo bado kimening'inia shingoni, na akaulizwa. Mstari ulipofungwa mara ya kwanza, miaka mingi kabla yake, mafundi waliuliza shule mpangilio wa vituo, na kikao cha walimu kikaupanga kwa itifaki. Namba moja, Mkuu wa Shule. Namba mbili, Makamu. Tatu, mwalimu wa nidhamu. Ikafuata kengele ya parade, kengele ya chai, na kengele ya wageni. Pua za hewa zilikuja baada ya wageni. Mikeka ilikuwa mwisho kabisa, kwa kuwa wanafunzi ndio wa mwisho.

"Zamani Mstari ulikuwa na kasi," alieleza Mwalimu. "Sauti yako, Madam, ilichukua sehemu ndogo tu, na vingine vilipenya katikati. Kwa kasi ya Bondeni, unaujaza wote."

Madam Mkuu alinitazama. Nilikuwa nimekaa, dawa mkononi, midomo yangu bila shaka ya rangi isiyopendeza.

"Basi turudishe kasi ya zamani," alisema. "Hapa ninaona mtoto karibu afe kwa ajili ya jaribio."

"Namba zitabaki mbovu, Madam," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, kwa hiyo nililazimika kusema maneno machache, hali isiyo ya kawaida kwangu. "Tutakuwa tu hatuzioni. Na Bondeni watabaki na koroboi."

"Mama yako nitamwambia nini, Subilaga? Kwamba nilikupunguzia pumzi?"

"Mwambie nilichagua. Nitamwandikia mwenyewe."

"Una miaka kumi na sita. Huchagui hata sketi."

"Mama Ipyana ana watoto wawili juu ya meza," akasema Lutengano. Wote tukageuka. Alikuwa bado ameshika kifuniko cha dawa yangu. "Mimi nilikataa, Madam. Bado sipendi. Lakini mimi nililala kando ya huyu na nitalala kando yake, na kule hakuna wa kulala kando ya mtu macho wazi. Hewa iwe namba moja. Mikeka namba mbili. Yeye nitamsikiliza mimi kwenye zile pumzi tisa."

Madam Mkuu alivua kipaza sauti shingoni. Alikitazama kama alivyokitazama kibanio changu.

"Na mimi mnaniweka wapi?"

Nikajibu mimi, maana nilikuwa nimeshaadhibiwa muhula huo.

"Chini ya kengele ya chai, Madam."

"Juu ya kengele ya chai," alisema.

Kamati ilijadiliana kwa macho. Tukakubali juu ya kengele ya chai.

7

Tulichimba mtaro wenyewe, kidato kwa kidato, kwenye mvua. Plagi za duara, ambazo zilitoka kwenye uji zikiwa kavu ndani, zilikwenda nje kote, jikoni na Bondeni. Viranja walizitaka kwa ajili ya mabweni kwa kuwa zinang'aa; waliambiwa watumie za skrubu, palipo pakavu, na wakaelekezwa jinsi ya kuzizungushia utepe ili kijiko changu kisizifikie. Matawi yote yalikuwa mafupi kama mkono. Siku ya mwisho nilipiga magoti sakafuni kwa Bibi Tupokigwe, nikafunga rezista ya ncha kwenye plagi ya mwisho, nikazungusha pete hadi ikalia. Pua ikafungwa chini ukutani, kama kwenye nyumba nyingine zote za Bondeni. Mbao za kitanda cha kupanda zilikuwa zimekuja na wanafunzi, vipande vipande, kwenye migongo.

"Hiki kinapanda kweli?" Bibi aliuliza.

"Kinapanda, Bibi. Kisha kinafungua dirisha la juu, na mnatokea mteremkoni."

"Na sisi tukiguna usiku, huko juu mtasikia?"

"Mtaguna polepole," nikasema, "nasi tutasikia polepole."

Wiki zikapita. Sitadai kwamba nililala vizuri. Kuna pumzi ambazo hakuna mashine inayozisikia, na mtu akijua hivyo huanza kuzisikia mwenyewe. Mara moja nilifungua macho nikamkuta Lutengano amejiinua kwenye kiwiko, ananitazama kifuani kama anayesoma kibao cha barabarani. "Lala," akasema. Nikalala.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, parade, ukungu umetanda. Shule nzima ilikuwa imepanga mistari. Madam Mkuu alikuwa jukwaani, amefika katikati ya sentensi kuhusu nidhamu, na sentensi yenyewe ilikuwa inaenda vizuri, ndipo vipaza sauti vikamkata. Midomo yake iliendelea kusogea. Kisha nyuma yetu, mabwenini, tukasikia vitanda vitupu vikipanda, vyote kwa pamoja, na feni zikianza. Kwenye kila ukuta taa ya kituo kilichopiga yowe ikawaka. Ilikuwa ya ncha, nyumbani kwa Mama Ipyana.

Mama Ipyana alitoka jikoni na mwiko mkononi. Sheria inajulikana hata na watoto wachanga: hewa ikiwa chini, hakuna anayeteremka. Alifika ukingo wa uwanja akasimama, na mimi na Lutengano tukasimama pande zake mbili, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umeshatangulia hatua moja chini. Lutengano alimshika mkono. Yeye hakutazama nani kamshika.

Chini ukungu ulikuwa mweupe, na hewa nzito, kama ilikuwemo, haikuwa na rangi ya kuiona.

Mlinzi mmoja akatokea kwanza, na mkewe. Kisha familia ya fundi bomba, wote wamejifunga mablanketi. Kisha hapakutokea mtu. Nilisikia kifua changu kikianza kupiga filimbi na nikaweka dawa mdomoni bila kuondoa macho pale. Mama Ipyana alikuwa anatamka jina moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga sahani.

Wajukuu wakatokea, wameshikana. Nyuma yao Bibi Tupokigwe, kwa mikono na magoti kwenye majani yaliyolowa, akiwafokea waende haraka.

Mama Ipyana hakukimbia. Aliwangoja hadi wakafika, akamshika mmoja kichwani, kisha mwingine, kisha akamwinua Bibi na kumpangusa matope magotini kwa kanga yake.

"Uji unaungua," akasema, akageuka kurudi jikoni, na wote watatu wakaenda naye.

Jukwaani, Madam Mkuu alikuwa bado ameshika kipaza sauti chake. Hakukigonga wala hakukiinua. Mstari ulikuwa bado na mengi ya kusema, chumba kwa chumba, na yeye alisimama kwenye ukungu pamoja na sisi, akingoja zamu yake.